Tugawane

Mwaka ule nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ambayo mama hakuwahi kuitaja kwa majirani. Nilikuwa natafsiri filamu kwenye kibanda umiza kimoja cha Ngamiani, Tanga. Kiingilio shilingi 200, mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na joto la mle ndani lilitosha kukueleza kwa nini vibanda hivyo viliitwa hivyo. Nilikaa ubavuni mwa televisheni, maikrofoni mkononi, na kila mzungu alipofungua kinywa mimi nilimsemea. Hakuna karatasi, hakuna kurudia. Kiingereza changu kilikuwa kile cha kujaza nafasi zilizoachwa wazi kwenye mtihani.

Siku moja ikapigwa filamu ya majambazi. Watu wanne wamevunja benki, wamejificha ghalani, gunia la dola liko juu ya meza. Ving'ora vinasikika kwa mbali. Mkubwa wao akawatazama wenzake, akatamka maneno mawili: "Let's split!" Neno hilo nilikuwa nalijua. Kamusi ndogo ya shule ilisema ni kupasua, kugawanya. Gunia lile pale, watu wanne wale pale, nikashusha pumzi nikasema kwa sauti nzito ya bosi: "Haya jamani, tugawane!"

Kibanda kizima kikashangilia. Watu wakakaa sawa waone hesabu. Majambazi wakainuka, wakalibeba gunia, wakatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Kimya. Halafu sauti kutoka benchi la mwisho: "Mtafsiri, mbona hawagawani?"

Nikajibu kwenye maikrofoni: "Watagawana huko mbele." Walicheka mpaka mwenye kibanda akaja kuchungulia mlangoni. Kuanzia siku hiyo sikuitwa jina langu mtaani. Niliitwa Tugawane.

Kumbe alichosema yule bwana ni "tusepe". Ni lugha ya mitaani ya Marekani, iliyoshika kwenye miaka ya 1950 kwa wapiga jazi na wafuasi wao: to split, kuondoka, kuishia zako. Hilo nilikuja kulijua baadaye sana, wakati nimeshahamia Dar es Salaam na naendesha maisha kwa kutafsiri nyaraka, na hadi leo nina ugomvi na kitenzi hicho. Kwa Mwingereza ni silabi moja tu, inaingia kila chumba bila kubisha hodi. Atakitumia kwa kuni, kwa bili ya hotelini, kwa chama cha siasa, kwa ndoa, kwa kiini cha atomu, kwa suruali iliyoachia mshono mbele za watu. Mimi kwa kila kimoja inabidi nisimame nifikiri.

Waingereza wenyewe walikiokota kwa Waholanzi, karne ya 16, na mwanzoni kilikuwa kitenzi cha mabaharia: merikebu imepanda mwamba, imepasuka. Mtoto wa Tanga hahitaji kuelezwa hilo. Chombo kikipanda mwamba hakigawanyiki, kinapasuka, na mbao zake zinaletwa ufukweni na maji kwa siku kadhaa. Kabla ya hapo walikuwa na vitenzi vyao vya zamani. Kimoja ni cleave, ambacho kina ukichaa wake: ni kupasua, na pia ni kung'ang'ania, kwa sababu ni maneno mawili tofauti yaliyozeeka mpaka yakafanana sura. Kingine ni deal, ambacho zamani kilikuwa kugawa sehemu kwa sehemu, na mpaka leo kinatumika kwa kugawa karata. Kwa hiyo kijana wa Kariakoo anayekunong'oneza kwamba ana dili, anakuambia bila kujua kwamba ana mgawo. Na ukilifuatilia dili lenyewe mpaka mwisho utaona kweli kuna watu wanagawana kitu, ila wewe humo.

Bibi yangu mzaa baba hakusoma sarufi, lakini ukikosea kitenzi jikoni kwake ulikuwa unarekebishwa kabla hujapakuliwa. Kuni huchanjwa. Mbao hupasuliwa. Nazi hufuliwa kwanza, ndipo ivunjwe, ndipo ikunwe. Ukisema unakwenda kuigawanya atakuuliza unawagawia akina nani. Korosho hubanguliwa. Tonge humegwa. Samaki wa ng'onda hupasuliwa, akafunuliwa kama msahafu, akaanikwa juani. Kuchana ni kurarua kitambaa na vilevile ni kupitisha kitana kichwani, jambo ambalo watoto wenye nywele ngumu tulikuwa hatulioni kuwa maneno mawili. Mcheza sarakasi akikaa chini, mguu huu umekwenda mashariki na ule magharibi, huyo amepiga msamba. Kwa Kiingereza, kuni, mbao, nazi, samaki na msamba vyote unaweza kuvipitia na split ukafika salama.

Halafu kuna kanga. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vimeshikana, na ukifika nyumbani unaikata katikati na kuipinda. Lakini mtu na shoga yake wakinunua doti moja, huyu akajifunga kipande hiki na yule kile, hawasemi kwamba wameikata. Wanasema wamegawana. Mkasi ni uleule na kitambaa ni kilekile. Kupasua, kuchanja, kukata, kumega, vyote hivi vinatazama kitu kilichofanywa nini. Gawa na watoto wake wanatazama nani amepata nini kwa nani, na hapo ndipo mtafsiri anapoanza kutoka jasho, kwa sababu Kiingereza chake mara nyingi hakijamwambia.

Tazama watoto wenyewe. Gawa: ninacho, ninatoa. Gawia: ninatoa kwa ajili yako. Gawana: sote tuna haki, kila mmoja anachukua chake. Gawanya: hapa kuna kisu au hesabu, kitu kinafanywa mafungu. Gawanyika: kimekuwa mafungu, usiniulize nani kakifanya hivyo. Kutoka kwenye gawana kwenda kwenye gawanya ni herufi moja tu imeongezeka, na katika ukoo wangu herufi hiyo ilijenga ukuta.

Babu alipofariki aliacha nyumba ya vyumba 6, ya Kiswahili, ukumbi katikati na uani nyuma. Warithi walikuwa wanne: bibi, baba yangu, ami na shangazi. Shekhe akaja na kalamu. Mke ana thumuni kwa kuwa marehemu ameacha watoto; kinachobaki ni cha watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili. Akaandika nyuma ya kalenda: sehemu 40. Bibi 5, baba 14, ami 14, shangazi 7. Hesabu safi, haina mabaki. Tatizo ni kwamba nyumba ilikuwa ya vyumba 6, si 40. Nilikaa pembeni nikapiga hesabu yangu ya kidato cha nne: baba na ami kila mmoja vyumba viwili na kipande, shangazi chumba kimoja na kidogo, na bibi, aliyeishi humo tangu alipoolewa, robo tatu ya chumba.

Ami akasema, "Basi nyumba igawanywe."

Shangazi akamjibu, "Nyumba haigawanywi, kaka. Tutagawana."

Mgeni angedhani wamesema jambo moja. Ami alikuwa anazungumzia matofali: mlango wake wa mbele, luku yake, choo chake. Shangazi alikuwa anasema vyumba vijulikane ni vya nani, lakini ukumbi ubaki ukumbi na jiko la uani liendelee kuwa moja. Walibishana kuanzia laasiri mpaka adhana ya isha, na katika saa zote hizo hakuna aliyebadilisha kitenzi chake. Baba alijaribu kupita katikati, akasema "tuelewane," ambalo halikuwa jibu la swali lililoulizwa.

Ukuta ulijengwa. Uko mpaka leo, unaupita ukumbi kati kama mtu aliyelala njiani. Bibi alipewa chumba kizima kwa heshima, na alipoambiwa kwamba kwa hesabu amezidishiwa robo, alisema, "Hiyo robo yenu nitaweka kuku." Aliweka kuku.

Siku nikija kutafsiri hati ya mirathi kutoka Kiingereza na kukuta the estate shall be split among the heirs, sikimbilii kuandika. Nauliza kwanza kama ni mali inayopigwa kisu au ni watu wanaochukua mafungu. Wateja huniona napoteza muda wao. Wanadhani nalipwa kwa maneno.

Mteja mmoja hakuniona hivyo. Alikuja ofisini, mama wa makamo, amevaa vizuri, akaweka simu mezani na kusema, "Kaka yangu, nitafsirie hii." Ilikuwa barua pepe ya mumewe aliyekuwa akiishi nje ya nchi kwa miaka kadhaa. Mstari wa kwanza, salamu. Mstari wa pili: I think we should split. Nikamwambia mbona Kiingereza anakijua. Akasema anakijua, na programu ya kwenye simu ameshaiuliza. Akanionyesha. Ilikuwa imeandika: "Nadhani tunapaswa kugawanyika."

Kugawanyika, kama bara. Nilikumbuka Machi 2018, ufa mkubwa ulipotokea kwenye barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok, Kenya, na vichwa vya habari vya Kiingereza vikatangaza kwamba Afrika inakuwa mbili. Huko kweli kuna kugawanyika. Bonde la Ufa linatanuka milimita chache kila mwaka, na mwaka 2005, kule Afar nchini Ethiopia, ardhi iliachana kwa urefu wa kilomita 60 ndani ya siku chache. Lakini mwanamume mmoja na mwanamke mmoja hawagawanyiki. Wana majina ya wanachofanya, na majina hayo si machache.

Wanaweza kutengana: ndoa ipo, kila mtu analala kwake. Wanaweza kuachana: ndoa imekwisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inatofautisha hayo mawili, kutengana kwa amri ya mahakama ni kitu kimoja na talaka ni kingine. Wanaweza kufarakana, ambako ni mioyo kuachana kabla ya miili, na wako waliofarakana wakaendelea kula sahani moja miaka 20. Mitandaoni utasoma kwamba msanii fulani na mwenzake wamemwagana, au kwamba mmoja kampiga chini mwenzake, na hilo la pili angalau lina ukweli wa kutaja nani kapigwa. Maana Kiswahili cha jadi kilikuwa na ukali wake: mume anaoa na anaacha, mke anaolewa na anaachwa. "Wameachana" ni neno la usawa, na ndiyo maana ukilisema mbele ya watu wazima wa pwani wanakusubiri umalizie. Nani kamwacha mwenzake?

Nikamweleza yule mama kwamba siwezi kuitafsiri sentensi ile. Aliyeiandika hajasema kitu. Anaweza kuwa anaomba watengane, au waachane, au hata, nikaongeza kwa sauti ya chini, wagawane nyumba ya Mbezi. Alicheka kidogo kwenye nyumba ya Mbezi. Akachukua simu, akamwandikia palepale kwa Kiswahili, mbele yangu, herufi kwa herufi: "Tutengane au tuachane?"

Siku mbili baadaye alinipigia kunisomea jibu. Mume alikuwa ameandika neno moja: "Sijui."

Sikumtoza hela. Sijui hata ningeandika nini kwenye risiti.

Zikifika mahakamani, kesi kama hizo huleta mgawanyo wa mali, na hapo lugha yetu ina jambo moja zuri. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani, kupika na kulea, nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Hukumu ilikuwa ya Kiingereza. Kiswahili kilikuja kufanywa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021. Lakini ukiisimulia kwa Kiswahili inajieleza yenyewe, kwa sababu kuchanga na kugawana kwetu ni safari moja, kwenda na kurudi. Mliochanga ndio mnaogawana. Tena kuchanganya na kugawanya vina mkia mmoja, nenda kavitamke. Mgawanyo katika ndoa unakuwa mgumu pale tu mtu mmoja anapodai kwamba mwenzake hakuwahi kuchanga.

Wanasiasa wanayajua haya kuliko sisi watafsiri. Chama cha FORD nchini Kenya, kilichozaliwa mwaka 1991 kudai vyama vingi, hakikufika uchaguzi wa Desemba 1992 kikiwa kimoja. Kulikuwa na FORD-Kenya ya Oginga Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba, na Rais Moi akapita kwa kura kama asilimia 36. Mwandishi wa habari asiyetaka ugomvi ataandika kwamba chama kiligawanyika. Lakini sikiliza wenyewe wa vyama kama hivyo: waliobaki husema wenzao wamejiengua, waliotoka husema wao ndio asili na waliobaki ni kipande kilichomeguka. Tarehe 9 Julai 2011 Sudan ikawa mbili. Khartoum wangekuambia Kusini imejitenga. Juba walikuwa wanasherehekea uhuru, na kujitenga lilikuwa neno la mtu mwingine.

Ya kwetu ni ya zamani zaidi. Sultan Said, aliyetawala Oman na Zanzibar pamoja, alifariki mwaka 1856, wanawe wakagombea, na mwaka 1861 Waingereza wakatoa uamuzi: Thuwaini akae Muscat, Majid akae Zanzibar, na Zanzibar ilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Vitabu husema dola iligawanywa, na ni sahihi, kuna aliyeshika kisu na hakuwa wa ukoo. Ila nakataa vitabu hivyohivyo vinapofika mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 na kuandika kwamba Afrika "iligawanywa". Wazungu waligawana. Wiki hii nimemrekebishia mwanangu daftari lake la historia, mwalimu wake akanirekebishia mimi. Tumeachiana hapo.

Kuna sehemu ambazo split hainitoi jasho. Kichwa kinachouma kwao na kwetu kinapasuka. Sekunde wanayoipasua wao, sisi tunaifumba na kuifumbua. Mcheshi akizidi, wao mbavu zinaachia, zetu zinavunjika. Bili ya chakula mjini watu siku hizi wanagawana, vijana wanasema pasu kwa pasu, ingawa kwa mtu wa Tanga aliyekualika kula, kuitaja tu pasu kwa pasu mbele yake ni kumtafutia aibu.

Hisa ndizo zilizowahi kunitia matatani. Juni 2014 kampuni ya Apple ilifanya kile wanachokiita stock split, moja kwa saba, na gazeti lililonipa kazi likachapisha tafsiri yangu kwamba kampuni "inagawa hisa". Siku mbili watu walipiga simu kuuliza zinagawiwa wapi. Nilitakiwa kuandika kwamba inachenji. Hisa ya dola 645 ikawa hisa saba za dola 92, kama unavyompa mwenye duka noti ya elfu kumi akakurudishia za elfu moja moja. Huna zaidi ya ulichokuwa nacho, mfuko tu ndio umenona. Mhariri alisema "kuchenji" si lugha ya gazeti.

Na neno mgao, ambalo kwa asili yake ni la ukarimu, la kila mtu kupewa chake, siku hizi mtu akilitamka mjini unakwenda kununua mshumaa.

Lililonifariji ni kisa cha wanafizikia. Mwishoni mwa 1938 Otto Hahn na Fritz Strassmann, Berlin, walipiga urani kwa nyutroni wakakuta bariamu isiyotakiwa kuwepo. Lise Meitner, aliyekuwa amekimbilia Sweden, na mpwa wake Otto Frisch ndio walioeleza kilichotokea: kiini kimekuwa viwili. Frisch hakuwa na neno. Alikwenda kumuuliza mwanabiolojia wa Kimarekani, seli moja inapokuwa mbili nyie mnaitaje? Akaambiwa fission, akalichukua. Mtu amefika ndani kabisa ya atomu, bado anapita kwa jirani kuazima kitenzi. Mimi kwenye kibanda, mbele ya majambazi wale, sikuwa na jirani wa kumpitia, na filamu haisimami.

Mwaka jana nilikwenda Tanga kwenye harusi. Jioni nikapita Ngamiani, kibanda hakipo, pamekuwa duka la vifaa vya simu. Nje yake, kijiwe cha bodaboda, vijana ambao wakati wangu hawakuwa wamezaliwa. Nilikaa kunywa kahawa. Wingu likaanza kutanda kutoka baharini, matone ya kwanza yakaanguka, na mmoja wao akajifuta usoni, akapiga kiki pikipiki yake.

"Haya wanangu," akasema, "tugawane."

Hakuna aliyetoa hela. Waliwasha pikipiki zao wote, kila mmoja akashika njia yake.